Likizo ya Mtoto, Matayarisho ya Mzazi

Hapa kwetu likizo ndefu ya mwisho wa mwaka huogopwa na wazazi zaidi ya inavyongojewa na watoto. Mara ya mwisho shule zilifungwa tarehe 24 Oktoba 2025 zikafunguliwa tarehe 5 Januari 2026, yaani wiki 10 na siku kadhaa. Mzazi aliye na kazi ya mshahara huzihesabu wiki hizo kama mdaiwa ahesabuvyo siku zilizobaki kufika mwisho wa mwezi. Wako wawapelekao wana mashambani kwa nyanya zao, kana kwamba nyanya hawachoki. Wako wawaachao mbele ya televisheni tangu macheo hadi machweo. Na wako, tena si haba, wamtafutao mwalimu wa kuwasomesha watoto nyuma ya mlango uliofungwa, ingawa Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kimeyapiga marufuku masomo ya likizo na kuyawekea adhabu ya faini au kifungo.

Mimi naandika nikiwa katika kundi la nne, lililo dogo mno: la wazazi waliokusudia kutowarejesha watoto shuleni likizo iishapo, bali kuwasomesha nyumbani. Kwa mzazi wa namna hii likizo ina mtihani wake. Wiki hizo 10 ndizo alizo nazo za kujitayarisha, nyumba imejaa watoto wasiolala mchana, na moyo wamsukuma aanze masomo hapo hapo, kabla hajachelewa. Msukumo huo, kwa maoni yangu, haufai kusikilizwa hata kidogo. Matayarisho ni ya mzazi. Likizo ni ya mtoto, na mtoto atakayesomea nyumbani anaihitaji kuliko mwenziwe wa shuleni.

Yafaa kwanza nieleze tulivyofika hapo. Tuna watoto watatu. Kifunguamimba ni binti wa miaka 9 aliyemaliza Gredi ya 3. Wa pili ni mvulana wa miaka 6 aliyetoka shule ya chekechea. Kitindamimba ana miaka 3 na bado hajui kwamba duniani kuna kitu kiitwacho kengele. Twaishi Kisauni, Mombasa. Mume wangu ni mtu wa kazi ya zamu, nami kazi yangu ya kuhariri miswada ya watu huifanyia nyumbani. Binti yetu alikuwa katika darasa la watoto zaidi ya 60. Mwalimu wake alikuwa mama mwenye bidii nisiyethubutu kumlaumu, lakini hakuwa na dakika ya kumketisha mtoto mmoja na kumsikiliza akisoma peke yake. Mtoto akajifunza kufuata sauti za wenziwe. Mwezi wa Agosti 2025 nilimpa ukurasa wa hadithi ausome. Aliusoma wote bila kukwama, kwa sauti nzuri ya kupendeza. Nilipomwuliza hadithi yenyewe yahusu nini, alinitazama kwa mshangao akasema, "Mama, hilo hatuulizwi."

Jibu hilo lilitunyima usingizi, mimi na babake.

Wala si mtoto wetu peke yake. Shirika la Uwezo, ambalo kwa zaidi ya miaka 10 limekuwa likiwapima watoto majumbani mwao badala ya shuleni, limeonyesha mara kwa mara kwamba wengi wa watoto wa darasa la 3 hawawezi kusoma na kuelewa hadithi ya kiwango cha darasa la 2. Takwimu kama hizo mtu huzisoma gazetini akatikisa kichwa, kisha akafungua ukurasa wa michezo. Zinapoketi mezani pako zikala chapati, hutikisi kichwa tena.

Basi likizo ikaingia. Aliye na nyumba Mombasa hana haja ya kumwalika mtu mwezi wa Desemba. Jamaa wa bara hukumbuka undugu kaskazi inapoanza kuvuma. Shemeji zangu walituletea watoto wao wanne, wakaongezeka juu ya watatu wetu, nami nikawa na darasa la watu saba kabla sijapata hata kipande cha chaki. Magodoro yalitandikwa sebuleni. Mabakuli ya uji yakapungua, ikabidi wawili wangoje wenzao wamalize. Na maji! Mfereji wetu, kama ya wengi katika mji huu, hutoa maji kwa siku zake, na siku ambazo hautoi hununua mitungi ya lita 20 kwa wenye mikokoteni, shilingi 20 kila mtungi. Mvulana wangu wa miaka 6, ambaye chekechea ilimtoa akihesabu hadi 100 kama mtu asomaye shairi asilolielewa, aliketi kizingitini akimtazama mwenye mkokoteni kwa siku tatu au nne. Siku ya tano akanitangazia kwamba mitungi mitano huimaliza noti ya 100. Hakufundishwa na mtu. Alichoka kutumwa ndani kuulizia chenji.

Huo ulikuwa pia msimu wa maembe, na mwembe wa jirani haujui mpaka wa ua. Watoto waliokota embe mbichi, wakazikatakata, wakatia chumvi na pilipili, wakaweka meza kibarazani. Vita vilizuka juu ya jina la meza hiyo, juu ya nani ashike kisu (nilikishika mimi), na juu ya iwapo ngowe ni bora kuliko boribo, mjadala ambao hata wazee wa Pwani hawajaumaliza. Jioni wakahesabu fedha: shilingi 185. Gawanya kwa saba. Binti yangu na binamu yake wa miaka 11 walikaa chini na rundo la kokoto kwa muda wa nusu saa, na nilijizuia kwa taabu nisiwaendee. Kila mmoja alipata shilingi 26, zikasalia tatu. Hizo tatu wakampa kitindamimba kwa hoja kwamba ndiye mwenye miaka mitatu. Sijapata kuona hoja dhaifu ikipitishwa kwa amani kama ile.

Lakini kilichonipa funzo kubwa mimi mwenyewe ni bahari. Asubuhi moja ya bamvua tuliwapeleka wote saba ufuoni Bamburi. Ilikuwa kama saa nne, maji yamekupwa mbali kabisa, na watu walikuwa wakitembea kwa miguu hadi karibu na mwamba. Watoto walikusanya makombe, wakamshika kaa, wakamwachilia, wakalia jua lilipowachoma. Kesho yake wakataka kurudi saa ile ile, na kwa kuwa baba yao alikuwa na zamu ya usiku, aliwapeleka. Maji yalikuwa bado hayajapwa vya kutosha. Ikabidi wangoje karibu saa nzima. Hapo binti yangu akauliza swali lake la kwanza la likizo: nani ameichelewesha bahari?

Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu ndiye aliyemjibu. Alimwambia kwamba maji hufuata mwezi, na mwezi kila siku huchelewa kuchomoza. Kwamba mwezi uandamapo na unapopevuka huwa ni bamvua, maji yakijaa sana na kupwa sana, na mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu. Alimwonyesha mstari wa mwani ukutani pa ngome ya ufuo ili ajue maji hupanda kiasi gani. Katika Mombasa siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mtoto aliporudi nyumbani alitafuta daftari kuukuu akaanza kuandika saa za kupwa, ile aliyoiona na ile ya kesho yake, kisha akazikadiria za siku zilizofuata kwa kuongeza dakika 50 kila siku. Nilipoona daftari lile sikusema kitu. Siku ya nne akaja na swali jingine, nikiwa nakaanga samaki: "Mama, kama mwezi huvuta bahari, mbona hauvuti chai kikombeni?"

Msomaji, mimi nina shahada ya chuo kikuu, na swali hilo lilinishinda papo hapo. Nilimwambia nitamjibu kesho. Usiku ule, watoto walipolala, nilisoma hadi saa sita. Jawabu ni kwamba mwezi huvuta kila kitu, chai pia, lakini nguvu yake hupungua kwa umbali. Bahari ni kubwa hata upande ulio karibu na mwezi huvutwa zaidi ya dunia yenyewe, na upande wa mbali huvutwa kidogo zaidi, na tofauti hiyo ndiyo iinuayo maji. Kikombe ni kidogo mno. Ukingo wake wa huku na wa kule huvutwa sawasawa. Asubuhi nilimweleza kwa chungwa na kipande cha uzi. Alisikiliza, akauliza maswali matatu, akaenda kucheza.

Nimeyarefusha haya kwa makusudi, kwani ndani yake mna hoja yangu yote. Aliyekwenda shule usiku ule ni mimi. Laiti ningeliona lile daftari nikaleta kitabu cha sayansi na kumwambia aketi ajibu swali la 1 hadi la 10, angaliketi, kwa kuwa ni mtoto mtiifu, na daftari la kupwa kwa maji lingaliishia siku ile. Utiifu huo ndio uliomfundisha kusoma ukurasa mzima bila kuuliza wahusu nini.

Matayarisho yenyewe, basi, niliyafanya usiku, na si mengi ya kusimulia. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, imeweka miongozo ya mtaala katika tovuti yake bila malipo, na mzazi asiyeisoma asijidai kwamba anajua mtoto wake anatakiwa kujua nini. Baada ya mapendekezo ya jopo la Profesa Raphael Munavu, lililomaliza kazi yake mwaka 2023, masomo yalipunguzwa. Sasa ni 7 kwa Gredi ya 1 hadi ya 3, na 8 kwa Gredi ya 4 hadi ya 6. Niliisoma miongozo ya Gredi ya 1 na ya 4 yote, kalamu mkononi. Tulinunua vitabu vilivyoidhinishwa, na vingine tukarithi kwa jirani. Fundi wa mbao alitutengenezea meza moja ndefu na mabenchi mawili. Mume wangu alitaka na ubao wa kuutundika ukutani, na kidogo anunue kengele. Hapo nilikataa kata kata. Hatukuondoka shuleni ili tuijenge upya sebuleni.

Ratiba ndiyo iliyotutoa jasho. Somo la shuleni katika Gredi ya 4 lina dakika 35, na dakika hizo zimepimwa kwa darasa zima: kuna kuita majina, kuna kunyamazisha, kuna kusahihisha madaftari 60. Mwalimu mwenye watoto wawili mbele yake hahitaji hata nusu ya muda huo. Tukakubaliana kwamba saa 2 hadi saa 5 za asubuhi zatosha, na mchana uwe wa kusoma wanachotaka, wa kazi za mikono na wa kucheza. Nimekutana na wazazi waliojaza siku nzima kwa vipindi tangu alfajiri, kwa hofu tu kwamba watu watasema watoto wao ni wavivu. Hofu ya watu si mtaala.

Pingamizi kali kuliko zote haikutoka serikalini wala kwa jirani. Ilitoka kwa mama mkwe, aliyekuja kutoka Lamu kukaa nasi wiki mbili. Alitutazama tukipanga vitabu, akanyamaza siku nzima, kisha jioni akaniita kibarazani.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikusoma, lakini nimelea wanane. Mtoto hufundwa na wengi. Huyu akikosea kwako utamsamehe kwa kuwa ni wako. Nani atakayemkosoa asiyempenda?"

"Mama, shuleni hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumkosoa," nikamjibu.

"Hilo ni la shule ile," akasema. "Mimi nauliza la nyumba hii."

Sikuwa na jibu kamili, na hadi leo naliona swali lake kuwa na uzito kuliko hoja nyingi za wataalamu. Nyumba ya upendo yaweza kumlea mtoto asiyejua kusubiri zamu yake, asiyejua kushindwa mbele ya mgeni. Tulichofanya ni kutafuta watu wengine. Jirani aliye fundi cherehani amekubali kuwapokea alasiri moja kila juma, na wataendelea na timu ya kandanda ya mtaa, ambamo kocha wao hana upendo wowote kwa mtu asiyerudi nyuma kuzuia. Mama mkwe aliposikia habari za kocha, alitabasamu mara ya kwanza.

Wengine wasiokubaliana nasi hutukumbusha mwaka 2020. Shule zilifungwa katikati ya Machi mwaka huo kwa sababu ya korona. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirejea tarehe 12 Oktoba, na wengine wote tarehe 4 Januari 2021. Ati hiyo ni ithibati kwamba nyumbani hapasomeki. La hasha! Mwaka ule hakuna mzazi aliyejitayarisha. Wengi walikuwa wamepoteza kazi, na vipindi vya redio na televisheni viliwafikia wenye redio, televisheni na umeme. Kuuita msiba ule elimu ya nyumbani ni kama kumtumbukiza mtu majini usiku kisha ukasema umempima kuogelea.

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani nauza dawa ya kila maradhi. Sisi tuna mtu mzima mmoja ashindaye nyumbani na ajuaye kusoma miongozo ile. Mama auzaye mboga Kongowea tangu alfajiri hana fursa hiyo, wala mwanawe hapaswi kuadhibiwa kwa hilo. Darasa la watoto 60 ni deni ambalo taifa linadaiwa, na kuondoka kwa watoto wetu wawili hakulipunguzi. Ninapoulizwa na rafiki kama naye awatoe wake, humwuliza kwanza ni nani atakayekaa nao saa 3 asubuhi siku ya Jumanne. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Lakini kwa yule awezaye, sheria yetu ina ukungu ambao hauna haja ya kuwapo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na hilo ni jema. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri. Je, meza ya fundi wetu wa mbao ni taasisi? Hakuna fomu ya kuijaza, hakuna afisa aliyepewa kazi ya kubisha mlango na kutazama madaftari. Mimi ningalipenda abishe. Ningalipenda awaite watoto mmoja mmoja awasikilize wakisoma, na akiona sifai aniamuru niwarejeshe shuleni. Mzazi mzembe awafichaye watoto nyumbani, na mzazi afundishaye usiku na mchana, leo hii wako katika giza moja, na serikali haina taa ya kuwatofautisha.

Jambo hili si la nadharia kwetu. Katika mfumo wa sasa, ulioanza kutumika mwaka 2025 kwa wahitimu wa kwanza wa Gredi ya 9, alama za kuingilia shule za sekondari ya juu hutoka mahali patatu: 60 kwa mia katika mtihani wa KJSEA, 20 katika tathmini zinazofanyiwa shuleni Gredi ya 7 na ya 8, na 20 katika KPSEA ya Gredi ya 6. Mtoto asiye na shule hupatia wapi zile za katikati? KCSE ina watahiniwa wa kibinafsi tangu jadi, na Baraza la Mitihani halijapata hasara kwa kuwapokea. Kuwawekea wadogo kituo cha kupimiwa, hata kama ni shule ya karibu wanakokwenda mara tatu kwa mwaka, si kazi ya kuhitaji jopo jingine.

Tarehe 5 Januari watoto wa mtaa walipita mbele ya nyumba yetu wakiwa na sare zilizopigwa pasi. Wetu wawili walitoka wakawapungia mikono, kisha wakaingia ndani wakaketi mezani. Binti alileta lile daftari la bahari, ambalo wakati huo lilikuwa na kurasa 11, akanisomea kwa sauti alivyoandika juu ya maji mafu. Nilimwuliza yahusu nini, akanieleza. Mwaka 2028 atakuwa Gredi ya 6, na kabla ya hapo nitahitaji kujua nimpeleke wapi akapimwe.